Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mwaka jana, siku ya Jumanne, mama mmoja mjane alibisha hodi katika chumba ninamohariri gazeti. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," nami nikamwitikia kama ilivyo desturi, nikampa kiti. Akaanza kunieleza habari za mwanawe wa kwanza, aliyetoka nyumbani miaka miwili kabla kwenda machimbo ya dhahabu, asirudi wala asilete neno. Nilimtazama usoni, nikatikisa kichwa, nikasema "Ndiyo, mama," na "Pole sana, mama," kila aliposita. Lakini moyoni nilikuwa nikitunga tahariri. Mpiga chapa alikuwa akingoja, na simu iliyokuwa mezani ilikwisha kulia mara mbili. Yule mama alinyamaza katikati ya maneno yake. Kisha akajifunga kanga yake vema, akasimama, akasema kwa upole, "Padre, nitarudi siku utakayokuwapo." Nikamjibu, "Lakini mama, mimi nipo." Akatabasamu kama mtu amsameheye mtoto, akaenda zake.

Tahariri niliyoiandika jioni ile siikumbuki hata kichwa chake. Nakumbuka tu kwamba yalikuwa maneno makavu, yamepangwa sawasawa kama matofali ambayo hayakujenga kitu. Basi katika siku moja nilikosa mara mbili: nilimkosa yule mama kwa ajili ya maandishi, na maandishi yenyewe nikayakosa. Tangu siku ile nimejiuliza kama hayo ni makosa mawili au ni kosa moja. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini naamini kwamba ni moja, na dawa yake ni ipi.

Wazee wetu walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu twaitumia methali hii wakati wa kugawa nyama au urithi. Lakini iko namna ya kutokuwapo iliyo mbaya kuliko ile ya mtu aliye safarini. Aliye safarini watu humwekea akiba, tena humngoja. Bali aliyeketi pamoja na wenziwe, hali moyo wake uko kwingine, hakuna amwekeaye kitu, kwa maana wote wadhani kwamba yupo. Watoto wasimulia mambo ya shuleni, baba aitikia "Enhe" huku macho yake yako katika simu. Mke aeleza maumivu yake, mume ahesabu madeni. Hata mwenye kusali aweza kumaliza rozari nzima, vidole vikipita juu ya punje, na moyo ukipita sokoni.

Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliwauliza watu wazima 2,250, kwa njia ya simu zao na kwa saa zisizotazamiwa, wanafanya nini wakati huo na wanawaza nini. Ikaonekana kwamba katika karibu asilimia 47 ya majibu, watu walikuwa wakiwaza jambo jingine, si lile walilokuwa wakilifanya. Tena ikaonekana kwamba waliokuwa wakiwaza mbali hawakuwa na furaha kama wale walioangalia lililo mbele yao. Ikiwa sisi nasi tu kama watu wale, basi karibu nusu ya saa tunazokesha twaziishi mahali tusipo.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu atakumbuka kwamba neno la kwanza ambalo Mwenyezi Mungu alimwuliza Adamu baada ya kosa lilikuwa juu ya mahali alipo. Si kwamba Mungu hakujua. Adamu ndiye aliyekuwa hajui tena.

Sasa na tuitazame lugha yetu, kwa maana Kiswahili kimeweka hekima nyingi ndani ya neno moja, nalo ni kutunga. Msichana hutunga shanga katika uzi. Mshairi hutunga shairi, na mwalimu wa kwaya hutunga wimbo. Mimba hutunga tumboni mwa mama. Na jipu nalo hutunga usaha. Mambo manne, yenye heri na yasiyo na heri, yote yachukua neno lile lile. Mimi naona kwamba atakayeyaelewa hayo manne amekwisha kuelewa nusu ya elimu ya ubunifu.

Tuanze na shanga. Msichana azitungaye hakuziumba. Kuumba ni kwa Mungu peke yake, atendaye pasipo kitu. Mwanadamu hutunga tu: ayachukua yaliyokwisha kuwapo, ayachagua, ayapanga kwa namna ambayo bado haijaonekana. Na hii si kazi ya washairi peke yao. Seremala asomaye mkondo wa ubao kabla ya kutia randa ni mtunzi. Mwalimu atambuaye kwamba yule mtoto wa nyuma hasikii kwa sababu ana njaa, akabadili namna ya kufundisha asubuhi ile, ni mtunzi. Mama apataye njia mpya ya kuwapatanisha watoto wawili waliogombana ni mtunzi mkubwa. Wote hao kazi yao ya kwanza si kuwaza, bali ni kuona. Asiyeona hana shanga. Mkononi ana uzi mtupu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi jioni ile: nilikuwa na uzi wa sarufi na wa elimu ya seminari, lakini shanga alikuwa amezileta yule mama, nami nikamwacha aondoke nazo.

Pili, mimba. Mimba haitungi kwa makelele wala kwa haraka. Hakuna mama afukuaye ili atazame kama mtoto anakua. Wazo jema nalo hupokelewa, hufichwa, hulishwa kwa siri, mpaka saa yake ifike. Ndiyo sababu mtu asiyeweza kukaa kimya hazai wazo. Huyarudia tu maneno aliyoyasikia jana.

Tatu, jipu. Hapa yafaa tuwe wakweli. Ndani ya mtu asiyetulia hamna utupu. Mna kitu kinatunga. Hasira ambayo haikutamkwa, aibu ya zamani, hofu ya ada za shule, wivu juu ya ndugu aliyefanikiwa: hayo yote hukaa chini ya ngozi yakitunga usaha. Yasipokamuliwa kwa uangalifu, yatapasuka yenyewe, tena siku mbaya na mbele ya watu wasiostahili. Mara ngapi mtoto amepigwa kwa kosa dogo, kumbe kiboko kile kilikuwa cha deni la dukani?

Kama hivyo ndivyo, basi mtu atakaye kuwapo na kutunga mema ahitaji vitu viwili. Ahitaji kimya, ili azione shanga na ili wazo likue. Na ahitaji njia ya kuyatoa nje yaliyomo ndani, ili ayatazame kwa macho yake mwenyewe. Njia hiyo yaweza kuwa kalamu.

Shauri hili halikuzuka jana. Lilikuwapo zamani katika bara letu la Afrika. Mtakatifu Antonio Abati, aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 356, aliwashauri watawa wake kwamba kila mmoja aandike matendo yake na mienendo ya moyo wake kana kwamba atawasimulia wenziwe. Habari hii twaipata katika maisha yake yaliyoandikwa na Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtu huona haya kutenda uovu mbele ya watu. Basi maandishi yawe badala ya macho ya ndugu zake. Miaka thelathini baadaye, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikaa mahali pa faragha huko Italia akijiandaa kwa ubatizo alioupokea Pasaka ya mwaka 387. Huko aliandika mazungumzo baina yake na Akili yake mwenyewe. Mwanzoni kabisa Akili yamwagiza aandike, tena yamwonya kwamba mambo kama hayo hayafai kusemwa ili mwingine ayaandike, kwa kuwa yataka upweke. Zamani zile wenye elimu walizoea kumtamkia karani maneno yao. Lakini kwa jambo hili hata karani alikuwa mtu wa kuzidi.

Labda msomaji mwangalifu atauliza: Je, hawa wawili hawapingani? Mmoja ataka tuandike kana kwamba tunatazamwa, mwingine amfukuza hata karani. Jibu letu ni hili. Mwanadamu huidanganya nafsi yake kwa njia mbili: kwa kuficha na kwa kujipamba. Macho ya wenziwe humponya asifiche. Upweke humponya asijipambe. Antonio na Augustino waliuwinda mnyama yule yule, kila mmoja akitokea upande wake. Na mtu atakaye kuandika kwa ukweli ahitaji yote mawili: aandike kama asiyesomwa na binadamu yeyote, huku akijua kwamba yuko Mmoja asiyefichwa kitu.

Katika zamani zetu hizi watu wa elimu wameirudia njia hii kwa jina jingine. Huita uandishi huru. Mwaka 1934 Mmarekani Dorothea Brande alitoa kitabu cha kuwasaidia wanaotaka kuwa waandishi. Aliwashauri waamke nusu saa au saa nzima kabla ya wakati wao wa desturi, waandike lolote liwajialo kabla hawajasema na mtu wala kusoma gazeti. Mhariri wa gazeti hapendi sana kuambiwa hivyo, lakini nakiri kwamba shauri ni jema. Mwaka 1973 Peter Elbow, naye Mmarekani, alieleza namna iliyo rahisi zaidi: keti, andika kwa dakika kumi pasipo kusimama, usifute, usirudi nyuma, usijali tahajia, ukikosa la kuandika, andika kwamba huna la kuandika, mpaka lije. Mtu huyu hakunena kwa nadharia tupu. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alishindwa kabisa kuandika, hata akayaacha masomo, kisha akarudi baadaye na kuyamaliza mahali pengine. Alikuwa ameona kwamba ndani ya mtu mna wawili, mtunzi na hakimu, na kwamba hakimu akikaa kitini mapema mno, mtunzi hafungui kinywa. Hakimu si mbaya; twamhitaji. Lakini na angoje zamu yake.

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, huko Texas, walitangaza uchunguzi juu ya wanafunzi 46. Wengine waliambiwa waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya mambo ya kawaida. Wengine waliambiwa waandike juu ya jambo lililowaumiza sana maishani. Waliokwisha kuandika juu ya jambo hilo pamoja na hisia zao waliondoka na huzuni zaidi siku ile. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa mganga wa chuo mara chache kuliko wenzao. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba faida hiyo ipo, walakini kwa jumla ni ndogo, wala haimfikii kila mtu. Hivyo tusiifanye kalamu kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwenye jeraha kubwa rohoni amwendee mtu wa kumsikiliza: padre, daktari, au rafiki mwenye busara. Jipu dogo mtu hulikamua mwenyewe; kubwa lataka mkono wa mwingine.

Tena yafaa kuonya jambo moja. Wako wadhanio kwamba kila neno lijalo bila kuwaza ni ukweli mtupu, kana kwamba mkono umekuwa nabii. Sivyo. Uandishi huru si ramli. Ndoo ya kwanza itokayo katika kisima kilichoachwa siku nyingi huja na matope na majani. Huyanywi, wala hukifukii kisima kwa ajili yake. Wayamwaga, ukateka tena.

Sasa tuyajibu mashaka ya wasomaji. Mmoja atasema: Kutafakari namna hii, kukaa kimya na kuangalia pumzi, si desturi ya dini za Mashariki? Naam, wako walioyatoa huko. Katika barua iliyotolewa mwaka 1989 juu ya sala ya kutafakari, Kongregasio kwa ajili ya Mafundisho ya Imani ilifundisha kwamba njia hizo zisikataliwe kwa sababu tu si za Kikristo. Lakini ilionya pia kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa maneno mepesi: kufagia nyumba ni vema, ila kufagia si kumpokea mgeni.

Mwingine atasema: Mimi ni mtu wa kazi, anayekaa kimya na daftari ni mtu mwenye nafasi. Huyu namkumbusha habari za Dag Hammarskjöld wa Uswidi. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1953, akafa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa njiani kutafuta amani ya Katanga. Hakuwa Mkatoliki, alilelewa katika Kanisa la Kilutheri. Baada ya kifo chake yalionekana nyumbani mwake New York maandishi aliyokuwa akiyaandika tangu ujana, ambayo yeye mwenyewe aliyaeleza kuwa ni kumbukumbu za mashauri yake na nafsi yake na Mungu. Yalichapishwa mwaka 1963. Jambo la ajabu ni kwamba hayasimulii habari za mikutano yake wala za wakuu aliopatana nao. Mwanamume aliyebeba ugomvi wa dunia nzima alikuwa na mahali pa kuuliza kama yeye mwenyewe yu mkweli. Tena katika makao makuu ya Umoja huo alisimamia kutengenezwa kwa chumba cha kimya, kilichofunguliwa mwaka 1957, na katikati yake liko pande la mawe ya chuma lenye uzito wa tani 6 na nusu. Kama yeye alipata nafasi, sisi tutasema nini?

Lakini shaka la tatu ndilo zito, nami sitaki kulipita upesi. Mtu atasema: Kujiandika, kujitazama, kujisikiliza, je, huku siko kujipenda? Je, hatutawalea watu wajionao kuwa kitovu cha dunia, wenye daftari zilizojaa na nyumba zilizopuuzwa? Hatari hii ni ya kweli. Wako wanaokaa mbele ya kioo cha maneno mpaka wanasahau mlango uko wapi. Basi twahitaji alama ya kutambua daftari jema na daftari baya.

Alama hiyo naiona kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alianza kuandika kumbukumbu zake mwaka 1895, katika daftari la shule la bei ndogo, kwa agizo la mkuu wa monasteri, aliyekuwa dada yake wa damu. Mwezi Juni mwaka 1897, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, aliendelea kuandika bustanini, ameketi katika kiti cha magurudumu. Masista wenzake walimwonea huruma, wakawa wanakuja mmoja mmoja kumchangamsha. Yeye mwenyewe asimulia, tena kwa mzaha, kwamba huenda hakuweza kuandika hata mistari kumi pasipo kukatizwa. Naye hakuwafukuza wala hakuwaitikia "ndiyo, ndiyo" hali macho yako katika karatasi. Alijitahidi kuwapokea kwa furaha, na kufurahi kweli. Mistari ya mwisho aliiandika kwa penseli, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena. Alifariki tarehe 30 Septemba mwaka ule, mwenye umri wa miaka 24, na kitabu kilichotokana na madaftari yale kimeenea ulimwenguni.

Angalieni jambo hili, wasomaji wapenzi. Yule aliyekuwa tayari kuifunga daftari ndiye aliyeandika maneno yenye uhai. Na hata huko kukatizwa kwake kuliingia katika maandishi, kukawa mfano wa mapendo. Kumbe waliokuja kumsumbua walimletea shanga! Hii ndiyo alama: daftari jema ni lile lifungikalo mtu abishapo hodi. Kama maandishi yako ya asubuhi yakufanya umwone mkeo vizuri zaidi wakati wa chai, umsikie mtoto kabla hajarudia mara ya tatu, umsamehe mwenzio kazini kwa kuwa umekwisha kuiona hasira yako ilikotoka, basi endelea. Kama yakufanya uwaone wote kuwa kelele, yaache, ukalime.

Sasa yafanyikeje nyumbani? Chukua daftari la kawaida la shule. Chagua saa moja ya kudumu, ama kabla ya jua, ama watoto wakiisha lala. Weka simu chumba kingine. Keti wima, unyamaze kwa dakika tano. Sikiliza pumzi yako, jogoo wa jirani, mvua juu ya bati, upate kujua u wapi. Mwenye kusali na aseme kwa ufupi, "Bwana, nipo." Kisha andika kwa dakika kumi bila kusimama. Andika kwa lugha ile unayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kisukuma, Kihaya au Kichaga. Usitafute uzuri. Ukiisha, funga. Baada ya siku saba soma uliyoandika, na mara moja tu. Pigia mstari neno lile linalojirudia, maana hilo ndilo linalokungoja. Mengine waweza kuyachoma.

Asiyejua kuandika, au ambaye macho yake yamechoka, na aseme kwa sauti ndogo akiwa njiani kwenda kisimani au shambani. Mungu hasikii wenye kalamu tu. Mama mwenye watoto wadogo na asihuzunike akipata dakika tatu badala ya kumi na tano. Haba na haba hujaza kibaba. Na wazazi nawasihi neno moja: msisome daftari la mtoto wenu kwa siri. Mahali ambapo mtoto ajifunza kusema kweli pasipo hofu ni patakatifu. Atakayevunja mlango wake atapata siri moja, na atapoteza nyingine zote.

Nimalizie nilipoanzia. Yule mama hakurudi. Baada ya majuma mawili nilimfuata kwake, nikiiacha simu ofisini. Nilimwomba radhi, akacheka, akaniletea uji. Ndipo nilipojua alitaka nini siku ile. Hakutaka mashauri. Macho yake hayaoni vema tena, na jirani mmoja alikuwa akienda machimboni. Alitaka mtu wa kumwandikia barua. Nikatoa daftari langu, nikaandika maneno yake kama yalivyomjia, pasipo kupanga wala kusahihisha. Mbuzi amezaa mapacha. Paa la jikoni lavuja upande ule ule. Shangazi ameumwa mguu. Nilitamani kumwambia, "Mama, sema jambo lenyewe," lakini nilinyamaza. Akaendelea hivyo karibu ukurasa mzima. Kisha, pasipo kubadili sauti, akasema, "Andika kwamba yule ng'ombe wa baba yako uliyemuuza nimekwisha kumsahau. Andika kwamba ni mimi niliyekuambia usionekane tena machoni pangu, na kwamba neno lile silitaki tena."

Miaka miwili alikuwa akiwaambia watu wote kwamba mwanawe alimwacha. Neno la kweli lilikuwa limekaa nyuma ya mbuzi na paa na mguu wa shangazi, likingoja mtu wa kukaa kimya mpaka lifike. Akanitazama, akasema, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa, Padre." Nami nikamjibu, "Ndiyo, mama." Safari hii nilikuwapo.

Barua ilikwenda kwa mkono wa yule jirani. Hadi siku hii ninapoandika, kwa ruhusa ya mwenye barua, jibu halijaja. Sijui kama litakuja. Lakini yule mama amelitengeneza paa la jikoni, na huniambia kwamba usiku huacha taa inawaka upande wa njiani.